Mtutu wa Risasi Kumi

Asubuhi ile niliondoka Braamfontein bila mpango wowote. Nilikuwa nimelala wiki tatu sakafuni kwa kijana wa kwetu Kigoma anayesoma chuo kikuu pale, na mitihani yake ilikuwa imekaribia, na mimi nilikuwa namuuliza maswali mengi kuliko wahadhiri wake. Hakunifukuza. Aliniangalia tu huku ameshika kitabu, nikaelewa. Nikabeba begi, nikafuata jua kwa sababu lilikuwa mbele yangu. Likanipeleka mashariki, nikapita chini ya madaraja ya reli, nikapita roboti tatu zilizokufa, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani hapa, mpaka nikajikuta Jeppestown, kwenye mtaa wa karakana na magodauni ya matofali mekundu.

Kwenye mlango wa chuma alisimama mzee mfupi mwenye aproni ya ngozi. Alikuwa ameinua bomba la chuma, jicho moja amelifumba, jingine ameliweka kwenye tundu, anatazama mbinguni. Nilimsalimia kwa Kiswahili kwa kubahatisha, kwa vile alikuwa na sura ya watu wa ng'ambo ya ziwa letu. Akaitika bila kushusha bomba. Nikamuuliza anaona nini. Akanipa nione.

Sijasahau nilichoona. Ndani ya lile bomba mwanga ulikuwa unazunguka. Pete juu ya pete, zinajisokota kwenda mbali, kama maji yanayoingia shimoni yakagandishwa. Nilifurahi kama mtoto, na kwa furaha hiyo nikafanya upumbavu: nikaweka mdomo, nikapuliza kama filimbi.

Kofi alilonipiga lilinitoa machozi.

"Mate ni kutu," alisema. Kisha, kwa sauti ileile, akaniuliza kama najua kufagia.

Nilikaa kwake miaka miwili na miezi kadhaa, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote tangu nilipoacha shule darasa la sita. Kila mtu pale alimwita Fundi. Mimi aliniita peti, neno la Wakongo kwa mtu aliye mdogo kwao, ingawa nilikuwa na miaka thelathini na moja na ndevu.

Kazi yake ilikuwa kuunda bunduki kwa watu wenye vibali: wawindaji, walenga shabaha wa vilabu, wenye mashamba. Leseni ya karakana haikuwa yake. Ilikuwa ya mjane mmoja wa Kizungu aliyekaa ofisi ya mbele pamoja na kabati la chuma na mafaili. Sheria ya nchi hii inauhesabu mtutu peke yake kama silaha. Kila mtutu wenye namba una karatasi yake, umesajiliwa, unajulikana unalala wapi. Mimi karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa imekwisha muda. Kwa hiyo nilikatazwa kugusa chochote chenye namba. Nilifagia chenga za chuma, nilichemsha chai, nilipaka mafuta mashine ya kukereza, na niliuliza maswali. Hilo la mwisho ndilo Fundi alilolipenda, ingawa alijibu kwa matusi.

Alikuwa anasema bunduki yote ni kiti tu, anayekaa ni mtutu. Mteja akija kuzungumzia kitako cha mbao ya aina gani na darubini ya bei gani, Fundi alimsikiliza huku anakuna sikio. Kisha alimwuliza maswali mawili, na asipojibiwa hakuanza kazi. La kwanza: umbali gani? La pili: huko mwisho kuna nini?

Alitaka jibu la pili litamkwe kwa mdomo. Mteja akisema swala, alitaka swala wa aina gani. Akisema karatasi, alitaka karatasi ya ukubwa gani. Wengine walicheka. Wengine, hasa matajiri, walikasirika wakaenda kulalamika kwa mjane, naye aliwaambia kwa upole kwamba wakitaka mtu asiyeuliza waende mtaa wa pili. Wengi walirudi, kwa sababu mitutu yake ilipiga pale ulipotazama.

Baada ya majibu hayo alifungua kabati, akatoa mitutu mitatu minne, akaifunga uzi mmojammoja na kuining'iniza kwenye boriti. Aliigonga kwa kijiti cha mwanzi akasikiliza. Wenye kulia muda mrefu aliuweka kando, wenye kukatika sauti aliurudisha. Sijui kama jambo hilo lina maana yoyote. Mzungu mmoja mwenye mashine za kupimia aliniambia ni uchawi mtupu. Lakini baada ya uchawi Fundi alipima kweli. Alichukua ufito wa kusafishia, akaufunga kitambaa mbele mpaka ukabana, akausukuma ndani ya mtutu polepole. Kitambaa hushika mifereji iliyochongwa ndani kwa kujisokota, na ufito hujizungusha wenyewe. Alitia alama ya chaki ufito ulipoanza, na nyingine ulipomaliza mzunguko mmoja, akapima kati ya alama hizo. Huo ndio msokoto. Ukiwa wa karibukaribu, mtutu unaizungusha hata risasi ndefu na nzito, ikasafiri imenyooka kama sindano. Ukiwa wa mbalimbali, risasi nzito inatoka vizuri, inakwenda vizuri, halafu huko mbali inapochoka inaanza kuyumba, na mwisho inafika ubavu.

Alinifundisha hayo kwa bomba lisilo na namba. Nilirudia mara mia. Sikuchoka.

Ngumi zake zilikuwa nyepesi kutoka. Alimvunja pua mteja aliyemwelekezea bunduki tupu kwa utani. Alimpiga teke mbwa wa jirani mpaka nikalia, kesho yake akamletea mifupa. Jumapili alipiga ngoma kanisani kwa Wakongo wenzake kule Rosettenville, na alipiga kwa hasira ileile. Kina mama walisema anamlazimisha Mungu ashuke. Nyama hakula. Niliona ajabu, mtu anayeunda bunduki za kuwindia kula maharage kila siku. Nilipomwuliza, akaniambia ameona ndani ya watu, na ndani ya mbuzi ni vilevile.

Huko kwao alikuwa mtunza silaha wa jeshi, halafu waasi wakamteka wakampa kazi ileile. Alitengeneza bunduki asubuhi kwa upande mmoja na mwaka uliofuata kwa upande mwingine, na nyingine zilirudi mikononi mwake mara ya pili, akazijua kwa makovu aliyoyaacha yeye mwenyewe juu yake. Alihesabu umbali kwa majeraha. Nikimwuliza mita mia tatu ni wapi, alinionyesha godauni la mwisho wa mtaa, akasema, "Pale mtu anasikia mlio na kuanguka pamoja." Mita mia nane ilikuwa zaidi ya reli, karibu na matangi ya maji. "Pale anaanguka kwanza. Wenzake wanamcheka wakidhani kajikwaa. Halafu mlio unafika." Alisema hivyo anakata mkate.

Siku moja kundi la wanaume wenye marungu lilishuka mtaani likipiga kelele kwamba wageni tutoke. Mjane alifunga ofisi akapiga simu. Silaha zote zilikuwa ndani ya kabati, na Fundi alikataa lifunguliwe. Alichukua bomba lisilo na namba, lile la mazoezi yangu, akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika ufagio. Wa kwanza kumkaribia alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya sufu. Fundi alimpiga kwa bomba kwenye goti mara moja. Nilisikia goti likipasuka kama chupa. Wengine walisita, wakaona karakana ya mbele yao ina mlango dhaifu zaidi, wakaenda kuivunja hiyo. Kijana akabaki kwenye lami anatapika kwa maumivu. Fundi alimkokota ndani kwa kwapa, akamfunga goti kwa mbao mbili na mkanda wake mwenyewe, akampa chai yangu. Saa nzima walikaa pamoja bila lugha ya pamoja. Yule akilia, Fundi anamtukana kwa Kiswahili na kumpangusa uso.

Basi huyo ndiye mtu aliyeletewa kazi na mteja nitakayemsimulia sasa.

Alikuja saa nne asubuhi, mtulivu, koti la kahawia, viatu safi. Mjane alikuwa ameshakagua karatasi zake: mlenga shabaha wa klabu, kibali cha bunduki inayojipakia yenyewe, kila kitu halali. Alitaka iundwe ya masafa marefu, na jambo la kwanza lilikuwa kuchagua mtutu. Nilikuwa nafagia karibu, na Kiingereza chao nilikielewa.

Fundi akauliza umbali. Mita mia saba, labda mia nane. Huko mwisho kuna nini? Karatasi. Karatasi imesimama juu yako au chini yako? Mteja akajibu bila kufikiri kwamba iko chini, yeye atakuwa juu.

Fundi hakuinua kichwa. Akamwambia mitutu iko ya aina mbili: huu wa chuma kisichoshika kutu unalenga vizuri sana lakini unakwisha mapema, huu uliopakwa kromu ndani unadumu, ila unapoteza usahihi kidogo. Mlenga shabaha anapiga maelfu kwa mwaka, lazima achague. Yeye anataka udumu risasi ngapi?

"Kumi zinanitosha," mteja alisema.

Akatabasamu, kama mtu aliyetania. Fundi naye akatabasamu. Akatoa mitutu kabatini, akaining'iniza, akaigonga, akampa mteja kijiti naye agonge. Wakachagua pamoja mmoja mzito, mzuri, unaolia kama kengele. Mteja alipoondoka, Fundi alifuta kijiti kwa aproni, akakaa kwenye kiti.

Nilimwuliza, kama mtu hapigi karatasi kwa risasi kumi kutoka juu, kwa nini asimkatalie.

"Nikikataa anaenda mtaa wa pili. Kule hawamuulizi kitu."

Nikasema basi tuwaambie polisi. Akaniuliza tutawaambia nini, kwamba mtu mwenye karatasi zote kamili amesema kumi? Na nani atakayekwenda kusema, yeye au mimi mwenye karatasi iliyokufa? Kisha akainuka, akapima ule mtutu kwa ufito na chaki, akanionyesha alama. Zilikuwa mbali. Msokoto mlegevu. Risasi nzito ambazo mteja alizitaja zingekwenda vizuri mpaka mita mia nne, mia tano, na baada ya hapo zingelewa.

"Iko mtu mahali fulani," alisema, "simjui, hanijui. Anatoka nyumbani kwake kila asubuhi. Mimi nimempa mita mia tatu."

Aliifanya kazi ile kwa uzuri kuliko zote nilizomwona akifanya. Alikereza chemba, pale risasi inapokaa, kwa siku mbili, akiimba. Mteja alipokuja kuijaribu kwenye uwanja wa karibu, risasi tano ziliingia tundu moja. Alimshika Fundi mkono kwa mikono miwili.

Alirudi baada ya wiki tatu, siku ya Jumatano. Fundi alikuwa amekwenda kliniki kupima macho, mjane alikuwa benki, na mlango nilifungua mimi. Alikuwa na bunduki ndani ya begi lake na karatasi ya shabaha iliyokunjwa. Akaitandaza mezani. Alikuwa ameipiga shambani, mbali. Matundu hayakuwa ya mviringo. Yalikuwa marefu, kila moja na umbo la risasi iliyolala, nyingine zimeingia ubavu kabisa, na zimetapakaa kama mbegu. Hakukasirika. Aliniuliza kwa adabu, akaniita bra, yaani kaka, kama najua ni kitu gani kinafanya hivyo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu. Hakunitisha. Hakunipa kitu. Alikuwa mtu wa kwanza katika nchi hii kuniuliza swali ambalo jibu lake nililijua, na maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Nilisahau kila kitu. Nilichukua ufito ukutani, nikafunga kitambaa, nikamwambia aufungue mtutu, nikasukuma. Nikatoa chaki nyuma ya kopo la grisi, tulikoificha isipotee, nikatia alama hapa, nikatia pale. Nikamweleza vizuri, kwa Kiingereza changu kibovu, mpaka akaelewa. Nilikuwa natabasamu. Alipoinama kuziangalia zile alama mbili ndipo nilipoiweka chaki chini.

"Alijua hivi tangu mwanzo?" aliniuliza.

Nikasema sijui. Lakini nilichelewa kidogo kusema.

Fundi aliporudi sikumwambia. Nilichemsha chai, nikamwuliza habari za macho, akanitukania daktari. Nilidhani mtu yule ataomba tu fidia kwa mjane. Nilitaka sana kudhani hivyo.

Alhamisi walikuja watatu. Mjane alikuwa kituo cha polisi, na hilo lilinichekesha vibaya baadaye, amekwenda kupeleka fomu za kila mwezi za mitutu. Mmoja alifunga mlango akausimamia. Mmoja alinikalisha chini karibu na ufagio wangu. Wa tatu alikuwa mteja mwenyewe. Alichukua ufito ukutani, akafunga kitambaa, akausukuma ndani ya mtutu wake, na akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, nyuma ya kopo la grisi, akatoa chaki. Akatia alama. Akatia ya pili. Akamwonyesha Fundi.

Fundi aliziangalia zile alama. Kisha alinitazama mara moja. Mara moja tu, muda wa kupepesa macho, halafu hakuniangalia tena.

Walimvuta mkono wa kulia wakauingiza kwenye jiriwa, kibano cha kushikia chuma. Ile jiriwa kubwa ya mezani niliyoipaka mafuta kila Ijumaa, ndiyo maana ilizunguka bila shida. Mteja mwenyewe ndiye aliyeshika mpini. Mzunguko wa kwanza Fundi alikaza meno. Wa pili alianza kuimba, wimbo wa kanisani, kwa sauti ya juu mbaya. Wa tatu wimbo ukakatika, na nikasikia vidole, kimoja, halafu vitatu kwa pamoja. Nilisikia mimi. Nilikuwa mita nne kutoka pale na ufagio uko karibu na mkono wangu, na sikuunyanyua. Damu ilishuka mguu wa meza ikakuta chenga za chuma ambazo sikuwa nimezifagia.

Mteja aliinama karibu na sikio lake akamwambia kwamba sasa atamfungia mtutu mwingine, ulio sawa, na atamaliza kabla ya Jumatatu.

Fundi alikuwa na rangi ya majivu. Alipumua mara mbili kabla ya kuweza kusema.

"Kwa mkono upi?" aliuliza.

Aliuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama anavyomwuliza mteja umbali. Yule mtu aliutazama mkono ndani ya jiriwa, akatazama mashine ya kukereza, na nikaona akipiga hesabu na kukuta kwamba ameharibu kitu alichokijia. Akampiga kitako cha bunduki kichwani kwa kukosa la kufanya. Wakaondoka nayo, na msokoto wake uleule.

Nilifungua jiriwa. Nilifungua kwa upande usio sahihi kwanza, na Fundi akapiga yowe pekee alilopiga siku ile.

Kwa mjane na kwa polisi alisema jiriwa ilimponyoka. Hospitali walimkata vidole vitatu. Nilikwenda kumwona siku ya pili, nikasimama nje ya wodi, sikuingia. Siku ya tatu nikabeba begi.

Nilizurura miaka minne. Nilipakua mahindi Musina, nilipaka rangi mabati Durban, nililinda kaburi la magari mabovu karibu na Welkom. Kila mahali nilisikiliza habari za redio, nikisubiri mtu aliyeanguka kabla ya mlio. Walianguka wengi. Hakuna aliyesemekana kupigwa kutoka juu, kwa mbali. Lakini redio haisemi kila kitu.

Mwaka huu, asubuhi moja, nilirudi jiji lilelile, nikashuka basi bila mpango, na safari hii nikaenda kusini, kwa sababu upande huo sikuwahi kuishi. Nilipanda kilima, nikashuka, nikafika La Rochelle, jirani na Rosettenville, kabla ya saa sita. Kwenye spaza, duka dogo la mtaani, nikauliza chumba. Mama msusi wa Kikongo aliyekuwa anasuka mtu mlangoni akanielekeza nyumba ya geti la kijani: yuko mzee anapangisha vyumba vya nyuma, mkali, lakini maji hayakatiki. Nikabisha. Geti likafunguliwa na mtu mfupi mwenye glavu moja ya ngozi, mkono wa kulia.

Alikuwa amekonda. Alinitazama kuanzia begi mpaka viatu.

"Unakaa muda gani?" aliuliza. "Na huko mwisho kuna nini?"

Nilisema sijui muda. Nikasema huko mwisho hakuna kitu, nimefika tu. Kisha nikasema kile nilichokuwa nimekibeba mpaka Musina na kurudi nacho: kwamba yule mteja nilimwonyesha mimi.

"Minajua. Alipopeleka mkono nyuma ya kopo la grisi, nikajua. Ile chaki tuliificha mimi na weye."

Nikamwuliza kwa nini basi hakunitaja, kwa nini hata hakunitazama.

"Nilikutazama mara moja, ikanitosha. Ningekutazama mara ya pili, na wao wangekutazama, peti. Jiriwa ilikuwa na nafasi."

Nikamwuliza kama yule mtu wa mbali alipona. Akasema hajui. Huenda anakula chakula chake mahali, huenda mwenye koti la kahawia alimsogelea mita mia tatu. Alisema hayo bila kunitazama, akisugua glavu.

Halafu akanipiga kofi. Lilikuwa la mkono wa kushoto, la mtu ambaye bado anajifunza, likanipata nusu shavu nusu sikio. Nikasubiri la pili. Halikuja. Akaingiza mkono uleule mfukoni, akahangaika na funguo, akanipa mmoja.

"Cha mwisho kule nyuma," alisema. "Asubuhi utanifunga vifungo vya shati, vinanishinda. Mlango unakwama. Sukuma kwa bega."

Nikaenda, nikausukuma.